Namna ya Kuandaa Onyesho la Filamu Bubu Iliyopotea

Filamu bubu ya vichekesho iitwayo Gentlemen Prefer Blondes, iliyoongozwa na Malcolm St. Clair na kutolewa na Paramount mwaka 1928, haina nakala inayojulikana kusalia. Hata hivyo, kikundi cha maigizo cha Kampala kinaweza kuiandalia onyesho la jioni nzima, kwa picha zake kwenye skrini, msimulizi na waigizaji, mradi kila linalosemwa mbele ya watazamaji liwe na ushahidi wake.

Anzeni na tamthilia. Anita Loos alitunga riwaya yenye jina hilohilo mwaka 1925, kisha yeye na mumewe, John Emerson, wakaigeuza kuwa mchezo wa jukwaani wa 1926. Mchezo huo unawapa mazungumzo, lakini filamu ilitegemea maandishi mafupi yaliyopita kwenye skrini kati ya tukio na tukio. Basi msichukue kauli ya jukwaani mkaitangaza kuwa ya filamu. Wala msizibe mapengo kwa filamu ya 1953 ya Marilyn Monroe, kwa kuwa hiyo ilitokana na mchezo wa muziki wa 1949.

Baada ya hapo, fungueni magazeti ya sinema ya wakati ule, ambayo maktaba ya kidijitali iitwayo Media History Digital Library imeyaweka mtandaoni bila malipo. Tafuteni kwa majina ya Ruth Taylor, aliyeigiza mhusika Lorelei, na Alice White, aliyeigiza mhusika Dorothy, maana jina la filamu peke yake litawaletea habari nyingi za riwaya. Aminini zaidi maneno ya mhakiki aliyeitazama kuliko tangazo la studio, lililoandikwa ili kuuza tiketi.

Picha za mnato za filamu hiyo ndizo hazina kubwa kuliko zote, na zinataka macho makini. Mara nyingi hazikukatwa kwenye mkanda, bali zilipigwa na mpiga picha wa studio, waigizaji wakiwa wamesimamishwa. Kwa hiyo zinathibitisha mavazi, samani na nani alikuwa na nani, lakini hazithibitishi mwendo wa tukio. Nambari ndogo iliyoandikwa pembeni mwa picha huonyesha ni ya filamu ipi, ila haifuati lazima mpangilio wa hadithi.

Msimulizi tunaye tayari: VJ, yule anayetafsiri filamu papo hapo katika vibanda vya video. Asimulie kwa Kiswahili kando ya skrini, akitaja gazeti au picha anayoitegemea. Afikapo penye pengo, anyamaze, taa ya ukumbi iwashwe, na waigizaji wacheze sehemu ile ya tamthilia, ili mtazamaji aone kwa macho yake ushahidi wa filamu unapoishia na tamthilia inapoanzia.

Kwa sheria ya Uganda ya 2006, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, na Loos alifariki mwaka 1981; kwa hiyo ombeni idhini ya kucheza tamthilia kabla ya kuanza mazoezi.