Eggnog ya Krismasi: pika kwanza, pombe baadaye

Kuanzia Novemba maduka ya huku Marekani hujaza friji eggnog za boksi, na Mwaka Mpya ukishapita huzioni tena. Ni maziwa, krimu, mayai, sukari na kungumanga, kisha mwenye nyumba anaongeza bourbon, ramu au brandi. Watu wetu wengi wameionja hiyo ya boksi, wakasema ni uji uliozidi sukari, wakaachana nayo. Siwalaumu. Kanuni za chakula za Marekani zinaridhika na asilimia 1 tu ya yabisi ya kiini cha yai ndani ya boksi, kwa hiyo ule uzito unaousikia mdomoni mara nyingi ni wa unga wa mbegu za mmea uitwao guar na vizitishaji vingine.

Mimi huandaa vinywaji kwenye sherehe za watu, na Desemba hii ndiyo oda inayonijia zaidi. Njia yangu ni ya kupika. Inakula muda, ila kazi yenyewe ni kama nusu saa. Muda mwingine wote friji ndiyo inafanya kazi.

Vitu vya kuandaa (glasi 10 ndogo za mililita 150)

- Viini 6 vya mayai makubwa
- Sukari gramu 130
- Maziwa freshi yenye mafuta yote, mililita 700
- Krimu nzito ya maziwa, mililita 350
- Chumvi, ncha ya kijiko
- Vanila kijiko 1 cha chai
- Kungumanga 1 nzima
- Bourbon mililita 120, ramu nyeusi mililita 80, brandi mililita 40

Kungumanga iwe nzima, tafadhali. Ya unga iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi imebaki rangi tu. Ukiwa na ndugu anayetoka Zanzibar, mwambie akufungie chache; zikikaa kwenye chupa kavu yenye kifuniko zitakuvusha Krismasi kadhaa. Unaikuna kwenye matundu madogo ya greta, pale pale unapoihitaji. Ukianza kuikuna utaona mistari ya kahawia ndani yake kama ramani, na harufu inajaa jiko.

Aliyeko nyumbani Afrika Mashariki na hapati krimu atumie maziwa ya kopo yasiyo na sukari kwa kipimo kile kile. Haitakuwa nzito sana lakini inanyweka vizuri. Yale ya kopo yenye sukari pia yanafaa, ila hapo acha kabisa sukari ya kawaida, uonje, kisha uamue. Na kuna swali naulizwa kila mwaka: je, Konyagi? Hapana. Ladha yake iko upande wa jini, na jini na maziwa haviivi chungu kimoja.

Hatua ya 1: piga viini na sukari

Tenganisha viini na ute. Ute weka kwenye friji, utaukaanga asubuhi. Piga viini na sukari kwa dakika mbili tatu mpaka rangi ipauke, kutoka chungwa hadi manjano hafifu, na ukiinua kipigio mchanganyiko ushuke kama utepe badala ya kudondoka matone. Usiache sukari imekaa juu ya viini bila kupiga. Itavikausha na utapata vidonge vigumu visivyoyeyuka.

Hatua ya 2: chemsha maziwa

Maziwa, krimu, chumvi na kungumanga kama nusu kijiko cha chai viingie kwenye sufuria yenye kitako kizito. Moto wa wastani. Ukiona vipovu vidogo pembeni na mvuke unapanda, epua. Yasichemke yakafura.

Hatua ya 3: zoesha viini joto

Hapa ndipo eggnog nyingi zinapoharibikia. Viini vikimwagiwa maziwa ya moto kwa mkupuo vinageuka mayai ya kukaanga ndani ya maziwa. Chota upawa mmoja wa maziwa, umimine kwa mchirizi mwembamba huku mkono mwingine unapiga bila kusimama. Ukiwa peke yako, kunja taulo lenye unyevu uliweke chini ya bakuli lisitembee. Fanya hivyo upawa wa pili, wa tatu, wa nne. Gusa bakuli kwa nje: likiwa na joto la kutosha, rudisha kila kitu kwenye sufuria.

Hatua ya 4: pika taratibu

Moto mdogo kabisa. Tumia mwiko wa mbao, ukikwangua kitako na pembe za sufuria muda wote, maana yai linaganda chini kabla hujaliona juu. Ukiwa na kipimajoto, unatafuta nyuzi 71 za Selsiasi, sawa na 160 za Fahrenheit. Hicho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wanakipendekeza kwa mayai yaliyochanganywa hivi. Ikikaribia 80 epua haraka, kwa sababu mbele kidogo yai linakatika.

Huna kipimajoto? Angalia mambo mawili. Povu la juu huanza kupotea na uso wa maziwa unakuwa laini, wenye kung'aa. Kisha inua mwiko, upitishe kidole mgongoni mwake: njia ya kidole ikibaki wazi bila kingo kutiririka, imeiva. Hata hivyo, ukiwa na mgeni mjamzito, mzee au mtoto mdogo, nunua kipimajoto. Bei yake haizidi chupa ya ramu.

Ikikatika usimwage. Tumbukiza kitako cha sufuria kwenye beseni la maji baridi, subiri joto lishuke, saga kwenye blenda sekunde chache, halafu chuja.

Hatua ya 5: chuja na poza

Chuja kila mara, hata kama inaonekana safi. Weka bakuli juu ya maji ya barafu na ukoroge mpaka joto litoke, ndipo utie vanila (kama kuna wasiokunywa pombe, soma kwanza hatua ya 6). Funika, ingiza kwenye friji. Saa nne ndiyo kima cha chini; ikilala usiku mzima ni bora zaidi, kwani inazidi kuwa nzito na kungumanga inatoka vizuri.

Hatua ya 6: gawa jagi mbili, kisha pombe

Katika mikusanyiko yetu hakosekani shangazi mlokole, jirani Mwislamu, Msabato, watoto, na yule aliyekabidhiwa funguo za gari. Kwa hiyo gawa kabla ya pombe kuingia. Pia angalia chupa ya vanila: ile ya asili inayouzwa Marekani ina kilevi kisichopungua asilimia 35. Kwa jagi la wasiokunywa tafuta vanila isiyo na kilevi, au uiache kabisa na uongeze kungumanga. Bandika karatasi kwenye kila jagi, kwa maandishi makubwa. Zikisimama mezani zinafanana kabisa.

Pombe inaingia kwenye eggnog baridi tu. Ikiingia kwenye ya moto, harufu nzuri inapaa yote na maziwa yanaweza kukatika. Mimina polepole huku unakoroga. Vipimo nilivyotoa juu ni vya kiasi chote. Ukigawa nusu kwa nusu, tia nusu ya pombe. Hapo unapata karibu asilimia 6.5 ya kilevi. Inasikika ndogo, lakini utamu unaficha: glasi tatu zimeshapita chupa ya bia ya nusu lita, na hakuna anayeishia ya kwanza. Mwaka 1826 wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point walizua ghasia usiku wa kuamkia Krismasi baada ya kuingiza wiski kwa magendo kwa ajili ya kinywaji hiki hiki.

Wapo watakaokwambia mayai mabichi hayana neno, pombe itaua vijidudu. Ni kweli kwa sehemu, na sehemu yenyewe ni ndogo. Rebecca Lancefield, mwanasayansi wa bakteria huko New York, alikuwa akitengeneza eggnog ya mayai mabichi yenye bourbon na ramu nyingi, akiiacha ikae wiki kadhaa kabla ya sikukuu. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, alikofanyia kazi, waliijaribu kwa kuitilia bakteria wa salmonela makusudi. Baada ya wiki moja bado walikuwepo. Baada ya wiki tatu hawakuonekana. Na hiyo ilikuwa kali kuliko hii yetu kwa mbali. Kumwaga ramu kwenye mayai mabichi jioni ile ile ya sherehe hakukulindi na chochote.

Hatua ya 7: kuhudumia

Tumia glasi ndogo zilizokaa kwenye friji. Koroga jagi kila unapomimina, maana kungumanga inazama. Ukune kungumanga nyingine kidogo juu ya kila glasi mbele ya mgeni mwenyewe. Harufu inafika puani kabla ya kinywaji kufika mdomoni. Barafu usiweke ndani, inaifanya majimaji. Jagi ndilo liketi kwenye beseni la barafu. Ikikaa mezani bila ubaridi zaidi ya saa mbili, usiirudishe kwenye friji, imwage.

Iliyobaki kwenye friji inakwenda siku tatu. Asubuhi ya tarehe 26, chovya humo vipande vya mkate wa jana, kaanga kwa siagi pande zote mbili, na chai ya rangi iwe karibu.