Tairi la pikapu mpya likipasuka njiani: ya kufanya barabarani na ya kumwambia muuzaji

Dai la tairi kwa gari jipya huamuliwa kando ya barabara, si kwenye kaunta ya muuzaji. Pikapu ikiwa na miezi mitatu, tairi likapasuka nawe ukaliburuza kilomita mbili hadi senta ya karibu, utakachompelekea muuzaji ni mabaki, na jibu lake ni lile lile kila siku: “Uliendesha bila upepo.” Ubaya ni kwamba mabaki hayo yatampa haki. Ndiyo maana kazi inaanza mapema, siku unayokabidhiwa gari.

Kabla hujatoka shorumu

Omba sehemu yenye sakafu ngumu na usikubali kuharakishwa. Anza na umri wa matairi. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho: 1824 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2024. Msimbo kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu, kwa hiyo huenda ukalazimika kuingia chini ya gari na tochi. Gari jipya lililokaa bandarini Mombasa na kisha uwanjani kwa muuzaji linaweza kuwa na matairi ya zamani kuliko unavyodhani, na tairi lililobeba gari mahali pamoja kwa miezi mingi huweza kuota bapa ambalo litatikisa usukani baadaye. Andika misimbo ya matairi yote matano kwenye hati ya makabidhiano, muuzaji asaini.

Pima upepo wa yote matano yakiwa baridi. Wakati wa kusafirishwa, magari mengi hujazwa upepo kupita kiasi, na kuna wauzaji wanaosahau kuupunguza. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, kwa kawaida kikiwa na safu mbili: bila mzigo na yenye mzigo. Namba iliyochapwa kwenye tairi lenyewe ni ukomo wa tairi, usiifuate.

Sasa lishushe tairi la spea. Kwenye pikapu nyingi linaning'inia kwa mnyororo chini ya bodi ya nyuma, na hushushwa kwa fimbo ndefu inayopita kwenye tundu karibu na bampa. Fimbo, jeki na spana mara nyingi hufichwa nyuma au chini ya kiti cha abiria. Mwambie mfanyakazi wa shorumu alishushe hadi chini na kulipandisha tena mbele yako. Mnyororo uliokwama, fimbo fupi kuliko inavyotakiwa, spea yenye upepo nusu: haya yote huonekana hapo hapo, au usiku njiani Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Kama magurudumu yana nati za kufuli, dai ufunguo wake na uuone ukiingia.

Legeza nati moja ya kila gurudumu kwa spana iliyokuja na gari, si kwa mashine ya karakana. Nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo bila kupimwa ndizo zinazowashinda madereva njiani. Spana ndogo ya gari huteleza na kula pembe za nati. Zikikataa kulegea, wazilegeze wao na kuzikaza upya kwa spana yenye kipimo. Pikapu nyingi zinataka kati ya Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 100 na 140. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari.

Mwisho uliza swali moja na jibu liandikwe: udhamini wa matairi unatolewa na nani? Mara nyingi mtengenezaji wa gari hadhamini matairi, mtengenezaji wa tairi ndiye anayedhamini, na muuzaji atakurusha kwa wakala wa matairi siku ya shida. Ujue jina la wakala huyo mapema.

Likipasuka

Shika usukani kwa mikono miwili, uondoe mguu kwenye mafuta taratibu. Usikanyage breki kwa nguvu. Acha mwendo ushuke wenyewe, kisha uingie kushoto mahali pagumu na tambarare. Kipande cha Lwera kabla ya Lukaya, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, kina tuta refu lililopita kwenye kinamasi na malori yanapita karibu sana. Hapo, au kwenye kona za msitu wa Mabira, ni heri usogee polepole hadi pa usalama hata kama tairi litakufa. Uhai hauna udhamini. Ila piga picha ya tairi kabla ya kusogea kama unaweza kushuka bila hatari, na uandike umbali uliosogea.

Washa taa za hatari, vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza au P. Abiria washuke upande wa kushoto na wasimame mbali na lami. Weka pembetatu ya kuakisi hatua zisizopungua hamsini nyuma, na zaidi kama kuna mteremko au kona. Matawi ya miti yanayotumiwa na madereva wengi husaidia mchana, lakini usiku hayaakisi taa. Na ukimaliza, yaokote. Tawi lililoachwa katikati ya barabara humwangusha mtu wa bodaboda. Ukihitaji polisi, piga 999 au 112.

Ushahidi, kabla ya jeki

Dakika tano hizi ndizo zenye thamani kubwa, na karibu kila mtu huziruka. Piga picha ya gari lote na mahali lilipo, dashibodi inayoonyesha kilomita, tairi likiwa bado kwenye gurudumu, msimbo wa DOT, ukingo wa rimu pande zote mbili, kipupu (valvu) cha upepo, na mzigo ulio bodini. Rudi nyuma kidogo kwa miguu, kama ni salama, upige picha ya shimo, jiwe au chuma kilichosababisha, au ya lami safi isiyo na kitu.

Kisha pima upepo wa matairi matatu yaliyobaki, kipimo kikionekana kwenye picha. Hili ndilo jibu la “hukuangalia upepo”: mtu mwenye matairi matatu yaliyo sawa na kibandiko ni vigumu kumshutumu kwa uzembe. Tairi la moto husoma psi 4 hadi 6 juu ya lilivyokuwa asubuhi, kwa hiyo andika kwamba vipimo ni vya moto. Kipimo cha mkono ni kitu kidogo cha bei nafuu. Kiweke garini leo.

Kubadilisha

Zuia kwa mawe gurudumu lililo kinyume kimshazari, mbele na nyuma yake. Legeza kila nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Shusha spea na uilaze chini ya chasisi karibu na unapofanyia kazi, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi badala ya mtu.

Jeki ya pikapu huwekwa, kwa nyuma, chini ya ekseli karibu na springi. Kwa mbele, fuata alama za kitabu, kwa kawaida kwenye chasisi yenyewe. Usiiweke kamwe chini ya bodi ya bati. Kwenye murramu au udongo uliolowa jeki huzama, hivyo beba kipande cha mbao ngumu cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4 au 5. Gari likiwa na mzigo mzito, punguza mzigo kwanza; jeki iliyokuja nalo haijatengenezwa kwa ajili ya magunia yote hayo. Inua hadi kuwe na nafasi ya tairi lililojaa, ambalo ni nene kuliko lililotoka.

Angalia nati kabla ya kufunga. Zenye mdomo wa koni huingia na koni ikitazama rimu. Rimu ya alumini na rimu ya chuma ya spea huenda zikataka nati tofauti, na kitabu kitakwambia. Kaza kwa mkono, kisha kwa spana kwa mpangilio wa nyota, shusha gari, umalizie chini. Bila spana ya kipimo, spana ya nusu mita ukiisukuma mwishoni kwa nguvu ya kilo 25 hivi inatoa Nm 120 na kitu. Kuirukia kwa miguu ni kuvuta boluti. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, bila kukosa.

Tairi lililoharibika lipandishe bodini, usilifunge kwa mnyororo wa spea likiwa limechanika. Na hapa kuna kosa linaloua madai mengi: usimpe fundi wa pancha. Akilitoa kwenye rimu kwa nyundo, akaweka kamba au tyubu, wakala wa matairi atasema limeguswa. Kama ni msumari wa kawaida katikati ya gamba (sehemu inayokanyaga barabara), tundu lisilozidi milimita 6, huna dai lolote. Hapo mpe fundi, na udai kiraka cha ndani chenye mguu unaojaza tundu. Kamba ya nje ni ya kukufikisha tu. Tundu la ubavuni haliwekwi kiraka.

Tairi lenyewe linasema nini

Likitolewa kwenye rimu, uwepo. Sugua ndani ya ubavu. Ukikuta mviringo uliochubuka na unga mweusi wa mpira, tairi lilikimbia bila upepo wa kutosha. Swali linalobaki ni upepo ulivujia wapi, hivyo chunguza kipupu na ukingo wa rimu kwa maji ya sabuni: kipupu kibovu au rimu yenye kasoro ni jambo la muuzaji, hata kama tairi limekufa kwa joto.

Mpasuko wa umbo la X ndani, nyuzi zilizokatika mahali pamoja na rimu iliyopinda hapo hapo, hilo ni shimo au jiwe. Udhamini haugusi, na kubishana ni kupoteza mafuta. Murramu yenye changarawe ya chuma na mawe makali ya volkeno ya Kisoro hukata hasa matairi laini ya lami ambayo pikapu nyingi hutoka nayo kiwandani.

Nundu ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Kwa kawaida chanzo ni kugongwa, lakini nundu kwenye tairi jipya, rimu ikiwa haina alama yoyote, inafaa kudaiwa. Lenye nguvu zaidi ni gamba lililobanduka kutoka kwenye mikanda ya waya, bila mkato, bila mviringo wa kuchubuka ndani, na matairi mengine yakiwa na upepo sahihi. Hapo mzigo ndio utakaoulizwa: tairi lenye namba ya mzigo 112 ubavuni limepimwa kubeba kilo 1,120, na picha ya bodi yako itakuokoa au kukuumbua.

Mezani kwa muuzaji

Nenda na barua, si maneno matupu. Andika namba ya chasisi, tarehe ya kukabidhiwa, kilomita, msimbo wa DOT, vipimo vya upepo, na ombi moja lililo wazi: “Naomba tairi likaguliwe nami nikiwepo, na sababu ya uharibifu iandikwe na kusainiwa.” Dai fomu ya kazi yenye namba. Usiache tairi bila risiti ya kulipokea, kwa sababu tairi lililopotea karakana halina mwenyewe.

Dai likikubaliwa, utalipwa kwa kadiri ya gamba lililobaki, mara chache thamani yote. Hesabu ni hii: tairi lilikuwa na milimita 8, ukomo ni 1.6, limebaki na 5.6. Umebakiwa na 4 kati ya 6.4 zinazotumika, yaani asilimia 62.5. Kwa tairi la shilingi 800,000, stahili yako ni 500,000. Fika ukiwa umeshapima.

Gari likivuta upande mmoja, muuzaji atasema ni barabara. Omba wabadilishane magurudumu ya mbele, kushoto kwenda kulia, kama matairi hayana mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi ndilo bovu. Ukibaki ulipo, ni mpangilio wa magurudumu, na hapo dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mtikisiko unaokuja kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa huanza na balansi. Ukibaki baada ya balansi, waambie wapime kama tairi au rimu ni duara kamili.

Wakikataa kuandika sababu, waandikie ukitaja Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayotaka bidhaa iwe na ubora unaoridhisha na ifae kwa kazi yake. Kisha peleka barua ya madai. Mahakama za Uganda zina utaratibu wa madai madogo kwa mashauri yasiyozidi shilingi milioni 10, bila wakili, na matairi manne ya pikapu na gharama za kuvutwa yanaingia humo vizuri. Hadi shauri liishe, tairi bovu likae kwako mahali pakavu, likiwa na karatasi ya tarehe na kilomita iliyogundishwa juu yake.