Jinsi ya kupeleka TCRA lalamiko la mtandao lenye ushahidi

Barua inayosema tu "mtandao ni mbovu" haina pa kushikika. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hupima kampuni za simu kwa vigezo: simu ngapi zimeshindwa kuunganishwa, ngapi zimekatika katikati ya maongezi, data inakwenda kwa kasi gani. Lalamiko lako nalo lipimike.

Hatua ya 1: Tambua tatizo lenyewe

Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, utafute nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo imara. Kwa 4G, -85 dBm ni nzuri. Ikiwa chini ya -110, mnara uko mbali au kuna kitu kinaukinga: kilima, jengo, hata bati la nyumba yako. Toka nje upime tena.

Ukiona -85 na bado video inakwama saa 2 usiku, lakini saa 11 alfajiri inatiririka, mnara umezidiwa na watumiaji. Usichanganye haya mawili. La kwanza linadai mnara mpya, la pili linadai mnara uliopo uongezewe uwezo, na kampuni hupenda kujibu lile ambalo hukuuliza.

Pima siku tatu, asubuhi, mchana na usiku. Zima Wi-Fi, na kama simu ina laini mbili hakikisha data iko kwenye laini unayoilalamikia.

Bando likiyeyuka, anza na orodha ya matumizi ya data kwenye simu yako. Mara nyingi mla bando ni programu inayojisasisha yenyewe. Kama si hivyo, tunza SMS. Kampuni inapaswa kukujulisha bando linapofikia asilimia 75 na 100 ya matumizi, hivyo ujumbe usiofika nao ni hoja.

Hatua ya 2: Anza na kampuni

TCRA itakuuliza hili kwanza. Piga huduma kwa wateja na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Simu kumi bila namba hiyo ni kazi bure.

Hatua ya 3: Andika

Ukurasa mmoja unatosha: namba ya laini, kijiji au mtaa na kata (mkoa peke yake hausaidii), tarehe na saa, vipimo, namba ya kumbukumbu, jibu la kampuni, na unachotaka ufanyiwe. Peleka ofisi ya kanda iliyo karibu, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Miamala ya pesa iko chini ya Benki Kuu, usiichanganye humu. SMS za "tuma kwa namba hii" hazihitaji barua. Ripoti namba ya tapeli kwenda 15040.

Hatua ya 4: Baada ya kupokelewa

Kampuni itatakiwa kujibu, na itakuja na kumbukumbu zake. Hapo ndipo vipimo vyako vinapofanya kazi. Usiporidhika na uamuzi wa Mamlaka, rufaa huenda Baraza la Ushindani. Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo wengi hudhani ni mahakama, lina kazi ya kukutetea na kukushauri.

Tangu 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako. Subiri kidogo: ukihama kabla shauri halijaisha, laini hiyo haiwezi tena kupimwa kwenye mtandao unaoulalamikia.