Kutenganisha Kulenga na Kuachia: Tiba ya Hofu ya Shabaha

Mpiga upinde ambaye vidole vyake huachia mshale mara tu alama ya kulengea iliyo kwenye upinde inapogusa duara la njano katikati ya shabaha, au ambaye mkono wake huganda chini ya duara hilo na kukataa kupanda, huanza kwa kulaumu upinde, kisha macho, na mwishowe moyo wake. Hiyo ndiyo hofu ya shabaha, na nionavyo mimi, anajilaumu bure. Mwili wake umezoea kwamba kuiona njano ni amri ya kuachia, na mazoea hayo hayang'oki kwa kujikaza.

Kwa hiyo ondoa shabaha. Simama mita 3 mbele ya marobota mapana ya nyasi yasiyo na karatasi ya shabaha, ukihakikisha kwamba hakuna mtu nyuma yake. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Usiukamate upinde; uache uegemee nyama iliyo chini ya kidole gumba, vidole vingine vikiwa vimelegea. Vuta mpaka uzi uguse ncha ya pua na kidevu, kidole cha shahada kikiwa kimebana chini ya taya, kisha fumba macho na usikilize mgongo: fupa la bega la mkono unaovuta liendelee kusogea kuelekea uti wa mgongo, na vidole vilegee vyenyewe wakati mwendo huo haujakatika. Mkono ukiteleza shingoni hadi nyuma ya sikio, umeachia vizuri. Ukirukia pembeni, umeufungua kwa makusudi. Fanya zoezi hilo kila siku kwa majuma matatu au manne, hata ukichoshwa nalo.

Karatasi inaporudi, vuta, tuliza alama katikati ya njano kwa sekunde 5, kisha rudisha uzi polepole bila kurusha. Zoezi hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa linaufundisha mwili kuitazama njano bila kuitii. Ukitetemeka kabla ya sekunde hizo kuisha, upinde ni mzito mno kuvuta. Tumia mwepesi zaidi.

Umbali uongezwe kidogo kidogo, mita 5, 10, 18, hata ufikie mita 70 za Olimpiki, ambako duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu. Hofu ile ikijitokeza mara moja, usirushe mshale mwingine hapo. Rudi kwenye umbali uliotangulia siku hiyohiyo.