Kumpeleka Mgonjwa India Wakati Ugonjwa Wenyewe Haujulikani: Mwongozo kwa Watu wa Tanga

Mama mdogo alipopanda basi la alfajiri pale Kange kwenda Dar, alipakata mkoba wa ukindu uliojaa vyeti. Vilikuwa vya miezi minane, kutoka zahanati tatu, vituo vya afya viwili, hospitali mbili na duka moja la dawa linalopima malaria kwa tone la kidole. Karibu kila cheti kilikuwa na neno mojawapo kati ya matatu: malaria, taifodi, UTI. Dawa zote alimeza, na homa ikawa inarudi kila jua likizama, kama mgeni mwenye ufunguo wake mwenyewe.

Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka Chennai, India. Tangu turudi, watu wa Makorora na Ngamiani hunipigia simu kuuliza wanaanzia wapi. Wengi hutarajia niwatajie hospitali au wakala. Mimi huwaambia wanunue daftari la shule la kurasa arobaini.

Kwanza, daftari

Daktari wa ugenini hatakaa na mgonjwa wako miezi minane. Atakaa naye dakika ishirini, pengine kwa mkalimani. Mashine zake ni nzuri, lakini mashine huelekezwa, na anayeielekeza anafuata habari mliyompa. Kwa hiyo habari iandikeni kabla ya kufikiria nauli.

Nunua kipimajoto. Pima asubuhi na jioni, andika tarehe, saa na nyuzi. Usiandike "homa kali", andika 38.7. Mwaka 1961 madaktari wawili wa Marekani, Petersdorf na Beeson, waliweka kipimo cha homa isiyojulikana chanzo: joto linalozidi nyuzi 38.3 mara kadhaa, kwa zaidi ya wiki tatu, na wiki nzima ya uchunguzi hospitalini isiyotoa jibu. Kipimo hicho kimerekebishwa baadaye, ila madaktari bado wanakifahamu, na ukiwaonyesha daftari lenye namba hizo wanakusikiliza kwa sikio jingine.

Uzito upime kila wiki kwa mizani ileile. Dawa ziandike zote kwa jina, kiasi na tarehe, pamoja na zilizoleta nafuu na muda nafuu hiyo ilivyodumu.

Halafu maneno ya mwili. Sisi tunasema "mwili unawaka", "kichomi", "viungo vimelegea", "moyo unakwenda mbio". Mkalimani akiwa na haraka, yote hayo yanageuka kuwa "anaumwa mwili mzima", na mtu anayeumwa mwili mzima huonekana hana ugonjwa maalumu. Onyesha kwa kidole panapouma. Eleza mgonjwa ameacha kufanya nini: alikuwa anatembea mpaka soko la Mgandini, sasa anapumzika mara tatu njiani. Hiyo haihitaji mkalimani hodari.

Ukurasa wa mwisho ndio watu huuruka, na kwetu ndio uliotoa jibu. Andika maisha: anaoga au kulima karibu na mto gani, anafuga nini, maziwa anayapata wapi, nyumba ina papasi au haina, aliwahi kuishi kambi ya mkonge, nani nyumbani ana kikohozi cha muda mrefu. Andika na miti shamba. Najua hapa tunaona haya. Mama mdogo alishapelekwa kwa mganga Pangani na kunywa mizizi iliyochemshwa, na ndugu wakataka tunyamaze. Mizizi mingine huathiri ini, na daktari asiyejua atahangaika na vipimo vya ini vilivyopanda akidhani ndio ugonjwa wenyewe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mficha dawa pia.

Pili, maliza kwanza ya nyumbani

Usiruke Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Omba kuonwa na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, si bingwa wa kiungo kimoja. Asiyejulikana anaumwa nini anahitaji mtu anayemtazama mzima.

Pale omba vipimo vinavyofaa magonjwa ya pwani yetu. Vingine vina saa zake, na ukikosea saa unapata "hamna kitu" ya uongo. Mkojo wa kichocho cha kibofu hutolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana hapo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Damu ya kutafuta vijidudu vya matende kwa hadubini huchukuliwa kati ya saa nne na saa nane usiku, kwa sababu mchana vijidudu hivyo hujificha. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye tezi, uti wa mgongo au tumbo huku makohozi yakionekana safi. Kipimo cha VVU kifanyike na tarehe iandikwe, hata kama mgonjwa ni bibi wa miaka themanini na wajukuu wananuna.

Na kile kipimo cha taifodi cha damu, Widal, kikisomeka mara moja tu hakitoshi kumhukumu mtu. Alama zake hubaki kwenye damu hata baada ya maambukizi ya zamani. Mama mdogo alitibiwa taifodi mara nne kwa kipimo hicho. Sitaji wapi.

Bombo wakifika mwisho wao, omba rufaa ya maandishi kwenda Muhimbili, Dar, au KCMC, Moshi. Usidharau hatua hii kwa sababu jirani alikwenda India moja kwa moja. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na kwa magonjwa mengi jibu linapatikana huko huko. Tena, ukitaka serikali igharamie safari, njia ni moja tu: jopo la mabingwa likubaliane kwamba tiba haipo nchini, kisha Wizara ya Afya iidhinishe. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujapewa jina hupata shida hapo, kwa kuwa jopo haliwezi kusema tiba ya kitu kisichojulikana haipo. Wengi wetu tunaishia kwenye michango ya ukoo.

Tatu, barua ya maombi

Usisafiri kabla ya kuandika. Hospitali kubwa za India zina ofisi ya wagonjwa wa nje ya nchi inayopokea baruapepe. Chagua mbili au tatu zenye ithibati ya NABH, bodi ya India inayokagua ubora wa hospitali, ziandikie zote barua ileile ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwombe mwalimu wa sekondari. Yetu ilikuwa na maana hii:

"Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 58 kutoka Tanga, pwani ya Tanzania. Kwa miezi minane ana homa za jioni zinazofika nyuzi 38.9, jasho la usiku, maumivu ya kiuno, na amepungua kilo 11. Majibu ya vipimo vyote yameambatishwa kwa mpangilio wa tarehe. Hatuombi tiba kwa sasa. Tunaomba kujua chanzo cha homa. Tafadhali tuelezeni ni daktari wa fani gani atamwona, mngeanza na vipimo gani na kwa nini, na makisio ya gharama ya uchunguzi peke yake."

Sentensi ya mwisho ndiyo chujio. Hospitali moja ilitujibu kwa bei ya kifurushi cha uchunguzi wa mwili mzima bila kugusa swali hata moja. Nyingine ilijibu kwa aya mbili na maswali manne ya nyongeza, na daktari wao akaomba kuzungumza na mgonjwa kwa video. Kwa akili ya kawaida ungechagua ya pili. Sisi tulichagua ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa rahisi na wakala alituhimiza. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na hospitali wanayokupeleka. Si kosa, ila muulize mapema, na mkimtumia, barua iandike wewe.

Picha za CT na MRI omba kwenye CD, siyo karatasi ya maelezo tu, na hakikisha inafunguka kabla hujaondoka Dar. Kama mgonjwa alikatwa kinyama cha kupima, iombe maabara vipande vyenyewe vilivyohifadhiwa kwenye nta pamoja na vioo vyake. Daktari wa kule atataka kuviona kwa macho yake, na ukiwa navyo mgonjwa anaweza kuepuka kukatwa mara ya pili.

Nne, pasipoti na viza

Hapa ni kujaza fomu tu. Pasipoti huombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unakwenda ofisi ya mkoa na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, picha na ushahidi wa safari. Barua ya hospitali ya India inatosha kuwa ushahidi huo. Watu wazima wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo anza na RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, mapema kuliko unavyodhani.

Viza ya matibabu ya India huombwa mtandaoni, angalau siku nne kabla ya kufika. Kuna tovuti nyingi za walanguzi. Ya serikali yao huishia na gov.in. Unahitaji pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi na kurasa mbili tupu, picha yenye nyuma nyeupe, na barua ya hospitali. Viza hiyo ni ya siku 60 na inaruhusu kuingia mara tatu. Wasindikizaji wasiozidi wawili hupewa viza yao inayofungamana na ya mgonjwa. Msindikizaji mmoja awe yule anayelala naye nyumba moja, si yule mwenye Kiingereza kizuri.

Mkipita Nairobi au Addis Ababa, chukueni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari.

Tano, mbele ya daktari

Kifurushi kilifanyika. Moyo, mafuta ya damu, sukari, macho, vyote safi. Daktari akatabasamu akasema, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba mama ana wasiwasi na umri umesogea, apumzike.

Wengi hurudi nyumbani wakiwa na jibu hilo na deni. Msibishane. Nilimwambia, "Daktari, inawezekana ana wasiwasi, nani asingekuwa nao? Lakini wasiwasi hausomeki kwenye kipimajoto." Nikamfungulia daftari kwenye ukurasa wa mwezi wa saba. Kisha nikauliza maswali matatu niliyoyaandika tangu Tanga: ni magonjwa gani umeyafikiria, upi bado hujauondoa, na kipimo hiki kikitoka safi tutafanya nini? Kama anaona kipimo fulani hakihitajiki, mwombe kwa adabu aandike kwenye faili sababu ya kutokifanya. Sikuona ombi lingine linalobadilisha sura ya daktari haraka kama hilo. Yetu yaliishia kwa yeye kutuandikia rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, jengo la pili.

Huyu alikuwa mama wa makamo. Hakugusa majibu ya maabara kwanza, alisoma daftari kuanzia nyuma.

"Mama, daktari anauliza ng'ombe ni wako?" mkalimani akasema.

"Wa jirani. Ila maziwa nachukua kila siku."

"Unayachemsha?"

Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Mwanangu, mtindi wa maziwa yaliyochemshwa una ladha gani?"

"Anauliza, ng'ombe wa jirani wamewahi kutupa mimba?"

Kimya. Kisha mama akanigeukia. "Wawili. Mwaka jana."

Damu ilichukuliwa siku hiyo hiyo, nyingine ya kuoteshwa, na maabara wakaambiwa waikalishe muda mrefu na waishike kwa tahadhari. MRI ya kiuno ikaonyesha pingili mbili zimeliwa. Ilikuwa brusela, ugonjwa ule unaofanya ng'ombe watupe mimba, na ambao kwa mtu huleta homa ya jioni, jasho, maumivu ya kiuno na kukonda. Kwa miezi minane hakuna aliyemuuliza habari za maziwa, na sisi wenyewe tuliandika mstari ule dakika ya mwisho, kwa kujaza ukurasa.

Kabla ya kupanda ndege ya kurudi

Msitoke na risiti na vidonge tu. Dai ripoti kamili yenye saini, majibu yote na picha kwenye CD, na baruapepe ya daktari au ofisi yake kwa maswali ya baadaye. Tengeneza nakala tatu: moja ya nyumbani, moja ya Bombo, moja ikae kwa ndugu mwingine. Uliza pia vipimo gani virudiwe, baada ya wiki ngapi, na dalili ipi ikitokea mrudi hospitali bila kusubiri.

Majina ya dawa yaandikwe kwa jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni, na muulize daktari kama anajua inapatikana kwenu. Yetu yalikuwa doksisaiklini na rifampisini, za kumeza miezi mitatu kwa sababu ya uti wa mgongo. Mama mdogo alisoma karatasi ile, akaniuliza kama doksisaiklini ndiyo ile iliyoko kwenye duka la dawa la barabara ya kumi na mbili. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo.