Kabla ya kupitisha nyaya kwenye kiwiko cha mtoto

Mvunjiko unaoletwa mara nyingi uko juu kidogo ya kiwiko: mtoto, kwa kawaida wa miaka 5 hadi 7, ameanguka na kujizuia kwa mkono ulionyooka. Mfupa ukishahama kabisa, yaani aina ya 3 kwenye mgawanyo wa Gartland wa mivunjiko hii, hogo (plasta ngumu) peke yake haliushiki. Zinahitajika nyaya za Kirschner, vyuma vyembamba vinavyoshikilia mfupa.

Anza na mkono wenyewe. Papasa mapigo kwenye kifundo, bonyeza kucha uone damu inarudi baada ya sekunde ngapi, kisha pima neva moja moja na kuandika matokeo na saa. "Neva ziko sawa" si maandishi. Mtoto hawezi kukueleza ganzi, ila atacheza: akunje ngumi (neva ya mediani), anyooshe kiganja kama karatasi (radia), atanue vidole kama mkasi (alna), halafu aunde duara kwa gumba na kidole cha shahada. Duara ndilo linalosahaulika. Likitoka bapa, ncha za vidole zimenyooka, basi tawi la mbele la mediani limeumia, na tawi hilo halileti ganzi ya ngozi ya kukushtua. Usipoliandika leo, kesho lawama ni za nyaya zako. Mdogo wa miaka 2 mpe kichezeo akishike. Biskuti hapana: chakula kinakoma masaa 6 kabla ya dawa ya usingizi, ziwa la mama masaa 4, maji matupu masaa 2.

Mkono wa baridi, kiganja kimepauka na mapigo hayapo, hausubiri zamu ya asubuhi. Kurudisha mfupa mahali pake ndiyo tiba ya kwanza, lakini ujue mapema nani atafungua mshipa damu isiporudi. Mtoto anayezidi kudai dawa ya maumivu na kupiga kelele ukimnyoosha vidole, shuku shinikizo ndani ya misuli. Vijiti au vitambaa alivyofungwa mtaani vifunguliwe vyote. Akisubiri, kiwiko kikae kwenye hogo la nusu kikiwa kimekunjwa nyuzi 30 hadi 40 tu. Kukikunja sana hubana mshipa. Piga picha ya eksirei ya mkono chini ya kiwiko pia.

Trei iwe na nyaya za milimita 1.6 na 2.0, za akiba zikiwemo, drili, kikatio na kipindio. Jaribu mashine ya eksirei kabla mtoto hajalala: izunguke yenyewe kutafuta picha ya ubavu, kwa sababu ukizungusha mkono mfupa unahama tena. Nyaya 2 za upande wa nje zitawanyike pale palipovunjika na zishike gamba gumu la mfupa la upande wa pili. Zikikaribiana, mfupa hujizungusha. Ukihitaji waya wa upande wa ndani, punguza kwanza mkunjo wa kiwiko na ufungue ngozi kidogo uione njia, maana kiwiko kikikunjwa neva ya alna huja mbele.

Mzazi aambiwe kabla ya kusaini: ncha za nyaya zitabaki nje ya ngozi, zimepindwa, na zitatolewa baada ya wiki 3 hadi 4, mara nyingi kliniki tu. Kiwiko kitakuwa kigumu mwanzoni. Kisichuliwe, kuchua kwa nguvu huweza kuotesha mfupa ndani ya msuli.