Picha ya Harusi: Ibaki na Rangi au Iwe Nyeusi na Nyeupe?

Maharusi wengi humweleza mpiga picha mapema kwamba wanataka albamu ya rangi au ya nyeusi na nyeupe, kana kwamba sherehe nzima lazima ipate jibu moja. Ni afadhali uamuzi ufanywe kwa kila picha, na ufanywe baada ya harusi. Picha ya rangi hugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe wakati wowote, ilhali faili ya JPEG (aina ya kawaida ya faili ya picha) iliyopigwa bila rangi haiwezi kurudishiwa rangi zake za asili. Kwa hiyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, hakikisheni makubaliano yanasema kwamba mtakabidhiwa faili zote za rangi.

Mnapoketi kuchagua, jiulizeni rangi inafanya kazi gani katika picha iliyo mbele yenu. Hina iliyoiva mikononi mwa bibi harusi, sare walizoshona shangazi, khanga zilizotandikwa chini ili maharusi wapite juu yake, vyote hivi vikiondolewa rangi hupoteza habari. Nyekundu na kijani, ingawa machoni ziko mbali, mara nyingi huangukia kijivu kimoja, hata sare za pande mbili za ukoo zikaonekana zimekatwa kutoka jora moja. Hina nayo hufifia juu ya ngozi ya maji ya kunde. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, huonekana vizuri zaidi.

Ukumbini mambo hugeuka. Mama anatokwa na machozi akimkumbatia bintiye, lakini taa za mapambo zimempaka shavu moja zambarau na jingine kijani, na jicho la mtazamaji linakwenda kwenye taa badala ya machozi. Picha ya namna hiyo iondolewe rangi bila kusita. Hata hivyo, taa ikiwa kali kiasi cha kufuta mistari ya uso, kuondoa rangi hakutairudisha.

Msiridhike na kichujio cha simu. Mhariri hodari huamua kila rangi igeuke kijivu cha kiwango gani: akipandisha nyekundu na rangi ya chungwa, ngozi hung'aa. Hapo ndipo wengine huwafanya watu weupe kuliko walivyo, tabia ambayo binafsi siipendi hata kidogo, na ni haki yenu kuikataa. Kagueni pia kama nyuzi za shela zinaonekana, kama kola ya suti nyeusi haijazama gizani, na kama nywele zimetengana na ukuta ulio nyuma.

Wapo wanaochagua nyeusi na nyeupe wakiamini kwamba itadumu kama picha za studio za babu na bibi. Zile zilidumu kwa sababu taswira yake ilijengwa kwa chembe za madini ya fedha, wakati picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zilififia na kuwa nyekundu kwa kuwa rangi zake hazikuwa imara. Picha ya leo isiyo na rangi, ikichapwa kwenye karatasi ileile ya picha za rangi, haina kinga hiyo. Tena huweza kutoka na ukijani au uwaridi usiotakiwa. Ombeni nakala moja ya majaribio na muitazame mchana, karibu na dirisha, kabla ya kuidhinisha albamu nzima.